Masta ya mifumo ya habari: kozi ya uchambuzi wa mifumo inataka nini hasa? Naanza Oktoba, niko Moro

BintiKihonda:

Habari za jioni wakuu, naombeni mawazo yenu. Nimepata nafasi ya masta ya mifumo ya habari chuo kimoja hapo Dar, ile ya jioni na wikiendi, mwezi wa kumi naanza inshallah. Digrii yangu ya kwanza ni uhasibu na kazi nafanya huku Moro, ofisi ya fedha ya hospitali, mwaka wa sita huu niko na hati za malipo na leja. Sasa nimeangalia kozi za semista ya kwanza nikakuta hii ya uchambuzi na usanifu wa mifumo, krediti 12, tesiti moja, asaimenti mbili, mradi wa grupu na prizentesheni, afu mtihani wa mwisho. Kila ninayemuuliza ananiambia hapo ndo watu wanapokamatwa sapu (mtihani wa marudio), ila hakuna anayenieleza wanakamatwa na nini.

Naomba kujua: lazima niwe najua kuandika kodi kabla sijaanza? Laptopu yangu ina RAM ya 4 tu, itabeba au nijichange? Mradi wa grupu unafanyikia wapi, naweza kutumia ofisini kwangu? Na hili la kuwa Moro wenzangu wote wako Dar, kuna mtu amesoma hivi akamaliza salama? Bosi ameniruhusu Ijumaa kutoka saa nane mchana, zaidi ya hapo hapana. Ada nalipa mwenyewe kwahiyo kurudia kozi kwangu sio jambo dogo.

---

mtu_wa_data:

Hongera sana dada. Kodi hapana, hii kozi haikudai uandike programu, inakudai uelewe kazi ya watu halafu uichore na uiandike mpaka mtu mwingine aweze kuijenga. Databesi kidogo itakusaidia, ujue jedwali ni nini, ufunguo mkuu ni nini, na kwa nini hatuandiki jina la mteja sehemu tano tofauti. Wewe mhasibu utashika haraka. Wasiotoka kompyuta vyuo vingine vinawapa kozi ya utangulizi kabla, uliza ofisi ya masomo ya uzamili kama na wewe unatakiwa uipitie, uliza SASA sio wiki ya kwanza, maana wengine hawahesabu krediti zake na muda wako unaliwa.

Laptopu ya 4 inatosha. Draw.io ni bure na ina toleo la kuweka kwenye mashine ukachora bila bando, mimi nilichorea humo kozi nzima. Hifadhi tu faili sehemu mbili.

---

Mzee_wa_Stoo:

Dada BintiKihonda ngoja nikueleze kwa kirefu, maana hii kozi niliisoma nikiwa kazini kama wewe na karibu initoe.

Kinachokamata watu ni barua. Namaanisha hivi, mradi wa grupu unatakiwa uwe wa taasisi ya kweli, mnaenda mnaongea na watu, mnaangalia fomu zao, mnarudi mnachora mfumo ulivyo sasa na mfumo mnaoupendekeza. Ili mwingie kwenye taasisi ya watu mnahitaji barua ya utambulisho ya chuo, barua inakaa kwa mkuu wa idara, inatoka, mnaipeleka kule, inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaenda kwa mkubwa, mkubwa yuko semina Dodoma, mnaambiwa njooni wiki ijayo. Grupu letu tulianza kuhangaika wiki ya sita, ruhusa tumeipata wiki ya kumi, semista ina wiki kumi na tano, hebu piga hesabu mwenyewe tulibaki na nini. Kuna grupu lilikata tamaa likabuni duka la kufikirika, wakaulizwa kwenye prizentesheni "mwenye duka akiuza kwa mkopo anaandika wapi?" wakatazamana. Wote sapu.

Kwahiyo barua iombe wiki ya kwanza hata kama grupu halijaundwa, na omba taasisi mbili, moja ikikataa unayo nyingine.

La pili ndo kubwa zaidi na hili naomba ulisome mara mbili. Sisi tulifanya stoo ya dawa ya hospitali moja. Tukamhoji mkuu wa stoo, mtu muungwana sana, akatueleza utaratibu wote: wodi inajaza fomu ya kuomba, mfamasia anaidhinisha, stoo inatoa, inapunguza kwenye leja na kwenye kadi ya rafu, mwisho wa mwezi wanahesabu. Tukachora. Mchoro msafi, mishale imenyooka, tukafurahi. Mwalimu akautazama akauliza swali moja tu, "usiku nani anafungua stoo?" Hatukujua.

Tukarudi, tukaomba kukaa pale mpaka saa nne usiku. Stoo imefungwa, funguo ziko kwa muuguzi wa zamu. Nyuma ya mlango kuna daftari la shule lile la mistari, limetobolewa kona likaning'inizwa kwenye msumari, na kalamu imefungwa kwa kipande cha bandeji. Muuguzi anakuja mbio, anachukua chupa za dripu, anaandika "dripu 4 wodi ya wazazi" anasaini anaondoka. Asubuhi mtu wa stoo anatakiwa ahamishie kwenye leja, akikuta foleni ya watu dirishani hahamishi, kesho yake kurasa zimeongezeka, na ndo maana kila mwisho wa mwezi leja ilikuwa inapishana na rafu na kila mtu anamuangalia mwenzake kama mwizi. Hakuna aliyeiba! Dawa zilienda kwa wagonjwa, na maandishi yake yapo kwenye msumari. Yule mkuu wa stoo hakutudanganya, alitueleza kazi ya mchana kwa sababu yeye anafanya mchana.

Tungejenga mfumo kwa mchoro wetu wa kwanza tungewapa kompyuta inayosema uongo kwa haraka zaidi. Mpaka leo nikiingia ofisi yoyote macho yanatafuta lile daftari, na kila ofisi linakuwepo, likiwa sio daftari ni grupu la WhatsApp au ni kichwa cha mama mmoja aliyekaa pale miaka ishirini.

Kuhusu Moro kwenda Dar wala usiogope, ya treni watakueleza wengine.

---

dev_ubungo:

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo. Niko kwenye softiwea mwaka wa nane, sijawahi kuona mtu kazini anachora DFD, ile michoro ya mishale inayoonyesha taarifa inavyopita. Huku ni ajail, kazi za wiki mbili mbili, unaandika mahitaji ya mtumiaji kwenye kadi, unajenga, unamuonyesha, unarekebisha. Dada jifunze UML (michoro sanifu ya softiwea) na ajail, hayo mengine soma ya kujibia mtihani tu. Vyuo vyetu vinafundisha vitu vya miaka ya sabini.

---

Mwalimu_Jioni:

Habari za usiku wote. Nafundisha kozi ya namna hii, sitasema wapi, nimeona niingie kwa sababu swali la Bi BintiKihonda huwa naulizwa kila Oktoba.

Naanza na muda. Kwa mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za mwanafunzi, zile za darasani pamoja na za kusoma mwenyewe. Krediti 12 ni saa 120. Gawa kwa wiki 15 unapata saa 8 kila wiki, ukikaa darasani saa 3 unabakiwa na 5 za kwako. Hizo 5 ndizo zinazopotea kwa mtu aliye kazini, anakuja kipindi Jumamosi anaona amesoma. Kwetu chini ya B kwenye masta ni sapu, na mradi peke yake una alama 20, hivyo mtu mwenye mradi mbovu anaingia mtihani akiwa tayari ana deni.

Ndugu dev_ubungo, umri wa mchoro una ukweli. DFD zimeshika kasi mwishoni mwa miaka ya 1970, michoro ya ERD ya Peter Chen, inayoonyesha data zinavyohusiana, ni ya 1976, UML imepitishwa kuwa kiwango mwaka 1997, tamko la ajail ni 2001. Lakini mimi nafundisha DFD kwa sababu inamlazimisha mwanafunzi aulize kila karatasi imetoka wapi na inaenda kwa nani. Ukiruka hapo ukaenda moja kwa moja kwenye kadi za mahitaji, unaandika kile alichokumbuka kukuambia mkuu wa stoo wa mchana. Kisa cha Mzee_wa_Stoo ndicho hicho hicho.

Na kwa mhasibu naomba niseme hivi. Wewe unaijua DFD, hujaambiwa tu jina lake. Chukua hati moja ya malipo. Inaanza kwa mtoa huduma anayeleta ankara, huyo yuko nje ya mfumo, unamchora kwa kisanduku. Ankara inaingia kwenye kazi ya kukagua, kazi tunachora duara au kisanduku chenye kona za mviringo, inategemea kitabu. Mkaguzi anailinganisha na oda ya ununuzi iliyomo kwenye faili, faili ni hifadhi, mistari miwili. Inatoka ikiwa imeidhinishwa inaenda kazi ya kulipa, malipo yanaandikwa kwenye leja, risiti inarudi. Kila mshale unaandika juu yake ni taarifa gani inapita, huandiki "anapeleka", unaandika "ankara iliyokaguliwa".

Makosa ninayokata alama kila mwaka ni yale yale. Kazi inayopokea taarifa lakini haitoi chochote, hiyo tunaiita shimo jeusi. Kazi inayotoa taarifa bila kupokea kitu, hiyo ni muujiza, na ofisini hakuna miujiza, mtu amesahau kuuliza. Hifadhi mbili zimeunganishwa kwa mshale bila kazi katikati, kana kwamba leja imejiamkia ikahamia kwenye ripoti yenyewe. Halafu mchoro wa juu una mishale mitatu inayoingia, ukiufungua ngazi ya chini unaikuta mitano, hiyo miwili imezaliwa njiani. Mhasibu aliyezoea kusawazisha urari anayaona haya kabla yangu, na nimekuwa na wanafunzi wahasibu waliowapita wa kompyuta kwa mbali.

Kuna mfano huwa nawapa darasani wiki ya pili. London, tarehe 26 Oktoba 1992, huduma ya magari ya wagonjwa ilihamia kwenye mfumo wa kompyuta wa kupangia magari. Mfumo ulihitaji kujua wakati wote kila gari liko wapi na linafanya nini, taarifa karibu kamilifu, na hali halisi ya barabarani haikuwa hivyo. Taarifa zikawa pungufu, gari likapangiwa vibaya, wagonjwa wakapiga simu tena kuuliza, simu zikaongezeka, siku ya pili wakaanza kurudi kwenye karatasi, na tarehe 4 Novemba ukasimama kabisa. Ripoti ya uchunguzi ya 1993 inasomeka mpaka leo. Nawaomba wanafunzi wanionyeshe kwenye mchoro ni mshale upi ulikuwa na taarifa isiyoaminika. Darasa huwa linanyamaza kimya hapo, na mimi napenda sana ile dakika.

---

dev_ubungo:

Mwalimu nimekuelewa, hapo kwenye mshale usioaminika umenigusa. Tulishajenga kitu kwa mteja tukaambiwa "stoki iko sawa kwenye Excel", kumbe Excel yenyewe ilikuwa inajazwa mara moja kwa mwezi. Tulirudia kazi miezi miwili. Narekebisha kauli yangu, dada soma vyote viwili.

---

BintiKihonda:

Jamani asanteni sana, kweli nimesoma ya daftari la msumari mara mbili kama ulivyosema Mzee_wa_Stoo, maana na sisi tunalo! Ofisini kwetu kuna kaunta buku ya "madeni ya muda", mtu akichukua masurufu ya dharura anaandikwa humo mpaka hati itoke, haipo kwenye mwongozo wowote. Nimefanya nayo kazi miaka sita sijawahi kuiona kama sehemu ya mfumo.

Mwalimu, je nikitumia ofisini kwangu inaruhusiwa? Na grupu watakubali kuja Moro? Pia kule kuna majina ya wagonjwa na mishahara ya watu, naogopa kutoa vitu nje.

---

Mwalimu_Jioni:

Kwetu inaruhusiwa kwa masharti mawili, barua ipokelewe na mkuu wa taasisi na sio na wewe, na mahojiano ya kitengo chako yafanywe na wenzako wewe ukiwa hupo chumbani. Sababu ni kwamba wewe utamjibia mwenzako wa ofisini kabla hajafungua mdomo. Kumjua kila mtu ni faida kubwa mlangoni, ila kwenye kusikiliza kunaziba masikio. Chuo chako kinaweza kuwa na utaratibu wake, soma mwongozo wa kozi, ule wanaogawa siku ya kwanza na watu wanauacha kwenye kiti.

---

wakili_mdogo:

Kwenye la taarifa umeuliza swali zuri dada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022 na imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti zinazolindwa zaidi. Kwahiyo kwenye mradi wa darasa usitoke na nakala ya kitu chochote chenye jina la mgonjwa au mshahara wa mtu, wala usipige picha leja ukairusha kwenye grupu la WhatsApp, hata kama ni "kwa ajili ya shule tu". Omba fomu TUPU. Kuchora mfumo unahitaji kujua fomu ina vipengele gani na inapita kwa nani, aliyeandikwa humo hakuhusu. Mkitaka mfano wa kuonyesha darasani jazeni wenyewe kwa majina ya kubuni. Na barua ya ruhusa iseme wazi mtaona nini na hamtaona nini, itawalinda nyie na itampa bosi wako amani ya kusaini.

---

abiria_sgr:

Mimi nakuja kwenye la usafiri maana ndo nalolijua. Nilisoma Dar naishi Moro mwaka mzima, si kozi yako lakini jioni na wikiendi hivyo hivyo. Kabla ya treni nilikuwa napanda basi, ukikuta foleni Kibaha umepoteza jioni yote. Tangu treni ya SGR (reli ya kisasa) ianze Juni 2024 mambo yamebadilika kabisa, ni saa moja na nusu na ushee unashuka mjini Dar, na treni imetulia, mimi asaimenti zangu nyingi niliandikia humo. Ila tiketi za Ijumaa jioni na Jumapili usisubiri siku ileile, kata mapema, na kitambulisho usisahau nyumbani. Kwa kuwa unaishi Kihonda stesheni ni jirani, umebarikiwa.

Kinachochosha ni Dar yenyewe, kutoka stesheni mpaka chuoni. Kama chuo kiko barabara ya Morogoro panda mwendokasi, kama kiko upande mwingine tafuta ndugu wa kulala kwake Ijumaa ili Jumamosi uamkie huko huko. Usijaribu kwenda na kurudi siku hiyohiyo wiki zote kumi na tano, mwili utagoma wiki ya nane na hapo ndo asaimenti ya pili inapotoka.

---

Mzee_wa_Stoo:

La grupu nimesahau kukujibu. Chagueni watu kwa ratiba, msichague kwa urafiki. Sisi tulikuwa watano, wawili wa benki wanaotoka saa moja usiku, kikao cha ana kwa ana tulikipata mara tatu tu semista nzima. Kilichotuokoa ni kugawana kwa karatasi na si kwa sura za ripoti. Yani huyu anafuata fomu ya kuomba tangu inazaliwa mpaka inafia kwenye faili, huyu anafuata leja, huyu anafuata ripoti ya mwezi, kila mtu anachora yake, Jumamosi tunaziunganisha. Mkigawana kwa sura, wewe utangulizi yule hitimisho, wa michoro anabeba msalaba wote peke yake na siku ya prizentesheni mwalimu anamuuliza yule wa utangulizi kuhusu mchoro.

Na wiki mbili kabla ya kukabidhi wapelekeeni mchoro wenye ofisi. Uwekeni mezani, mwambieni mhudumu wa chini kabisa aufuate kwa kidole. Sisi mhudumu wa stoo alifuata kwa kidole akafika kwenye "uhakiki" akasema "hapa mmeruka, kabla ya hapa mimi nampigia simu mfamasia". Alama tulizopata pale ni za yule baba.

---

BintiKihonda:

Wakuu narudi na mrejesho. Leo asubuhi nimeongea na bosi kuhusu mradi, hajakataa, amesema akiona barua ya chuo atamuita mkuu wa hospitali. Pia nimepiga simu ofisi ya uzamili, ni kweli wasiotoka kompyuta wanapitia kozi ya utangulizi wiki mbili kabla ya semista, ningekuja Oktoba ningekuta imeisha! mtu_wa_data Mungu akubariki. Inaanza tarehe 16 mwezi ujao, sasa natafuta likizo ya wiki mbili.

Jioni nilibaki ofisini nikachukua hati moja tupu nikajaribu kuichora kama Mwalimu alivyoeleza. Nimekwama sehemu moja. Ile kaunta buku ya masurufu, mtu anapoandikwa humo pesa inatoka, lakini hati inakuja baadaye, wakati mwingine siku tatu. Nichore hifadhi mbili, kaunta buku na leja, au moja?

---

Mwalimu_Jioni:

Mbili, na katikati weka kazi ya kuhamisha. Kisha andika pembeni ni nani anayeihamisha na ni lini. Ukimaliza piga picha huo mchoro, ufiche jina la hospitali, uuweke hapa tuuone.